Kilichokuwa Kwenye Mstari wa Mengineyo

Jumatatu, wiki ya pili ya mwezi wa tatu. Rugenge, Uvira.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua ya taratibu isiyo na haraka ya kwenda popote. Milima imejifunika mpaka kiunoni. Nimerudi nyumbani mapema, nimevua viatu vyenye matope, nimekaa. Sina huzuni wala furaha. Niko kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, ganzi bado ipo, na anajua kabisa kwamba itaisha.

Basi niandike ganzi ingali ipo.

Kwa asiyenijua: naitwa Faida, natunza tovuti ya shirika letu dogo hapa Uvira. Tovuti ina sehemu nne. Kuna safari za boti zinazotoka bandari ya Kalundu, kuna hali ya ziwa, kuna picha, na kuna vilio. Vilio ni matangazo ya misiba. Mtu akifariki, hasa huko kwenye bonde la Ruzizi, Maman Georgine anamwandikia ukurasa wake, na ndugu waliotawanyika duniani wanausoma popote walipo. Maman Georgine ni wa rika la mama yangu. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na huja ofisini kutoka kijiji cha Runingu na daftari lake limefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kiangazi au masika.

Leo saa nne asubuhi nilitakiwa kuifuta sehemu hiyo ya vilio. Yote, kwa mkono wangu na kwa ushahidi wangu mwenyewe.

Niseme kidogo kuhusu kazi, maana kosa limekaa hapo. Kila ukurasa wa tovuti yetu umewekewa alama, kipande kidogo cha maandishi ya kompyuta ambacho msomaji hakioni. Ofisini tunakiita balise. Mtu akifungua ukurasa, alama inatuma habari kwenye programu ya kuhesabu: ukurasa fulani umefunguliwa, siku fulani, kutoka mji fulani. Haisemi ni nani. Kisha programu inazipanga kurasa zote kwa mistari, zilizofunguliwa sana juu, nyingine chini.

Lakini alama haijui ukurasa unaitwaje mpaka uiambie, na ndiyo maana lazima uwe na kanuni ya majina. Unaweza kuupa kila ukurasa jina la kazi, la ndani, lisilobadilika, ambalo hakuna msomaji atakayeliona. Au unaweza kuiambia alama ichukue kichwa cha ukurasa kama kilivyoandikwa. Mimi nilichagua kichwa. Nilisema ripoti itasomeka vizuri, wazee wa komite wataielewa bila kuuliza maswali. Ukweli ni kwamba nilikuwa mvivu pia. Niliiandika kanuni hiyo kwa kalamu nyekundu, nikaipeleka kuwekewa plastiki, nikaibandika ukutani juu ya meza yangu. Kanuni ya kwanza: Jina la ukurasa ni kichwa chake.

Imekaa pale miaka miwili, na kila mgeni aliyeingia ofisini aliusifu mwandiko wake.

Mwezi uliopita nafasi kwenye seva ilijaa. Komite ikasema sehemu moja lazima iondoke, tukaulizana ni ipi ambayo watu hawaisomi. Wengine walianza kutoa maoni. Mimi sipendi maoni, napenda ushahidi. Nikasema nitaleta ripoti.

Nikaileta. Boti za Kalundu ilikuwa ya kwanza. Hali ya Ziwa ya pili. Picha za Ziwa, sehemu niliyoianzisha mwenyewe na ambayo naipenda kuliko inavyostahili, ya tatu. Vilio havikuonekana kwenye mistari ishirini ya juu, hata kimoja. Chini kabisa kulikuwa na mstari ambao programu huutengeneza yenyewe, inamokusanya vidogo vyote visivyofika juu. Unaitwa Mengineyo. Hesabu ya mstari huo ilikuwa kubwa kuliko ya Boti. Niliiona. Nikasema moyoni haya ni makapi, nikaukata mstari usichafue karatasi.

Siku ya kikao nilisoma ripoti kwa sauti. Maman Georgine alikuwa amekaa karibu na mlango. Papa Prezida wa komite, mzee mpole asiyependa kumuumiza mtu, alimuuliza kama ana neno.

"Minye sijue mambo ya mashine," akasema. "Lakini bantu wananisimamishaka mu njia, wananiambia, Maman, tulisoma. Na bale ba mbali wananiitaka ku simu."

"Maman, tuko naheshimu maneno yako," Papa Prezida akamjibu. "Lakini hapa iko rapport."

Basi ikaamuliwa. Vilio vifutwe Jumatatu ya leo, saa nne, na Maman Georgine ashukuriwe kwa kazi yake. Hakuna aliyepandisha sauti. Yeye alilikunja daftari kwenye plastiki yake, akafunga fundo, akauliza kama mvua imekatika.

Nikiri jambo moja. Siku ile nilitembea kurudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Sasa lazima niseme la mama. Ndani ya vilio hivyo kulikuwa na kilio cha mama yangu mzazi, Mama Sifa, aliyefariki Runingu mwezi wa kwanza. Maman Georgine ndiye aliyemwandikia. Niliposoma ripoti kwenye kikao nilijua kwamba ukurasa wa mama umo miongoni mwa vitakavyofutwa, na nikajiambia kwamba kazi ni kazi. Niliona hata fahari kidogo, kwamba sipendelei wa kwetu. Watu wengine hujisifu kwa kupenda, mimi hujisifu kwa kutopendelea.

Mama alituzaa wawili. Mkubwa ni kaka yangu, Yaya Kashindi, yuko Kolwezi, mbali na huku kiasi kwamba watoto wake wanadhani Uvira ni hadithi. Mama alipofariki Yaya hakufika. Alisema barabara zimefungwa, ndege hapati, atajaribu njia ya Kalemie na ziwa. Tukamngoja siku mbili. Mwili haungoji. Tulipotoka makaburini alinipigia kuuliza tumemlaza upande gani, na mimi, mbele ya shangazi wawili, nikamwambia kama hakuweza kuja kumzika mama, asinipigie tena kuniuliza habari za kilio.

Hakupiga tena. Nikasema, ona, kumbe alikuwa anatafuta ruhusa ya kusahau.

Ndivyo nilivyoliweka jambo hilo: Kashindi, hayupo. Mstari wake nikaufunga.

Nirudi kwa Maman Georgine na namna yake ya kazi. Yeye haandiki tangazo akaliacha. Ukurasa wa marehemu anaubadilisha kichwa kadiri msiba unavyokwenda. Siku ya kwanza anaandika Tangazo la kifo. Baada ya maziko anaandika Kilio, siku ya kwanza, kesho yake siku ya pili, na hivyo hivyo mpaka siku ya nne watu wanapotoka uani na kurudi makwao. Kisha anaandika kwamba kilio kinaendelea, maana familia yenyewe bado imo. Siku ya kuondoa kilio, wiki kadhaa baadaye, anabadilisha kwa mara ya mwisho, anaandika Kumbukumbu. Habari za ndani ni zile zile, anaongeza tu mistari. Lakini kichwa hakikai.

Zamani nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Alinitazama kama mwanafunzi aliyesahau jina la mto wa kwao.

"Faida, muntu hawezi kufa kila siku," akasema. "Akisha zikwa, amezikwa. Ukiacha 'amekufa' pale, ule wa mbali akifungua ataona ni leo. Atauza mbuzi, atakuja mbio, atakuta kaburi imeota majani. Na wakisha ondoa kilio, ukiacha 'kilio' pale, uko nafunga bale bantu ndani. Watarudiaje ku shamba?"

Nilicheka, nikamwachia mambo yake. Sikufikiria zaidi ya hapo. Mtu anaweza kufanya kazi meza moja na mwenzake miaka miwili, kila mmoja akiharibu ya mwingine kwa nia njema.

Jumamosi tuliondoa kilio cha mama, Runingu. Mvua ilitusubiri mpaka mchana, nashukuru. Tulioga, wanaume wakanyoa ndevu na nywele, tukavua nguo za kilio. Shangazi mkubwa akamwagia maji majivu ya moto uliokuwa uani tangu mazishi. Watu walikula, wakanywa, wakaanza kucheka kwa sauti za kawaida. Nilishangaa jinsi kicheko kinavyorudi upesi, kikipewa tu ruhusa.

Kwetu kuna desturi moja hapo. Ndugu aliyekuwa mbali siku ya kuondoa kilio hupelekewa habari kwa kinywa, na anayepeleka ni ndugu wa tumbo moja. Mpaka aambiwe, yeye bado yuko ndani. Hanyoi, hachezi, haendi harusini. Shangazi akaniuliza nitampigia Kashindi saa ngapi.

"Ataona mu site," nikasema, yaani kwenye tovuti yetu. "Mwenye macho haambiwi tazama."

 Maman Georgine, aliyekuwa anakausha sahani karibu yetu, ndiye aliyenijibu.

"Ule ni yaya yako, haiko mugeni."

"Site itamuambia, Maman."

"Site munafuta kazi moja," akanikumbusha, maana ndivyo tunavyoiita Jumatatu. Kisha akashusha sauti. "Lakini kichwa ya mama yako, weye njo utabadilisha. Minye siwezi kumutoa mu kilio na mutoto wake iko. Fanya ata kama ni ya siku moja."

Sikuona maana ya kubadilisha kichwa cha ukurasa unaokufa kesho kutwa. Nilikubali kwa sababu alikuwa na sahani zetu mkononi.

Jana, Jumapili, baada ya ibada nilipitia ofisini. Nikafungua ukurasa wa mama. Kichwa kilisema: Mama Sifa, kilio kinaendelea. Nikakifuta, nikaandika: Kumbukumbu ya Mama Sifa. Nikahifadhi. Sikusikia chochote moyoni, nasema kweli. Nikachemsha chai, nikanywa nikiangalia uani. Niliporudi mezani, kwa mazoea tu, nikafungua ripoti ya wiki hiyo, fupi kiasi cha kuonyesha kila mstari.

Kulikuwa na mstari mpya chini kabisa. Kumbukumbu ya Mama Sifa. Umefunguliwa mara moja.

Nikadhani ni mimi, nilipokuwa nabadilisha. Nilitaka kufunga. Halafu jicho likapanda juu kidogo, nikauona mstari wa zamani, Mama Sifa, kilio kinaendelea, umekaa na hesabu yake, hausogei. Ukurasa ni mmoja. Mistari ni miwili.

Nikaweka kikombe chini.

Nikarudi kwenye ripoti kubwa, nikafungua Mengineyo, ule mstari wa makapi. Ndani nilikuta Tangazo la kifo cha Mama Sifa. Nikakuta Kilio cha Mama Sifa, siku ya kwanza. Siku ya pili. Ya tatu. Ya nne. Mama yangu alikuwa amekatwa vipande saba, kila kimoja kidogo, kila kimoja kimetupwa chini ya kingine. Na si yeye peke yake. Wazee wote wa bondeni walikuwa mle, kila mmoja vipande saba. Kila Maman Georgine alipobadilisha kichwa ili marehemu apumzike, alama yangu ilisema huu ni ukurasa mwingine, ikaanza kuhesabu upya kutoka moja. Boti za Kalundu haikuwahi kubadilisha kichwa tangu ianze. Ndiyo maana ilikuwa ya kwanza.

Nilichukua karatasi nikakusanya vilio vya mwezi mmoja tu, nikimrudishia kila marehemu vipande vyake. Sikuhitaji kumaliza. Sehemu ya vilio ilikuwa inasomwa kuliko boti. Tena kwa mbali.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi changu nilikiwekea na plastiki.

Kulikuwa na njia rahisi. Ningeweza kunyamaza, nikafuta leo saa nne kama ilivyoamuliwa, na pasingekuwa na mtu wa kujua. Programu ile naisoma mimi tu. Maman Georgine angebaki anaamini kwamba mashine inajua na yeye hajui. Nilikaa na wazo hilo muda wa kumaliza chai iliyopoa. Silifichi. Nililipima kama ninavyopima mengine, nikaona kwamba litanichosha zaidi kulibeba kuliko kulisema.

Leo saa tatu na nusu nilikuwa mbele ya komite, na Maman Georgine nimemwita kwa simu aje mapema. Alikuja amevaa viatu vya mvua, kitambaa safi kichwani, amejiandaa kuagwa. Nikawaeleza. Nilichora ubaoni ukurasa mmoja na mistari saba. Nikaeleza mara mbili, maana mara ya kwanza niliongea haraka mno.

Papa Prezida alivua miwani.

"Kwa hiyo ile rapport tulisoma, tukatuma na ku bale banatusaidiaka, ilikuwa ya uongo?"

"Haikuwa ya uongo, Papa Prezida. Mashine ilihesabu vizuri. Minye njo niliiambia ihesabu vibaya."

"Na ule mustari mukubwa ya chini? Haukuuona?"

"Niliuona. Niliukata."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kutoka mdomoni. Kosa la kanuni mtu anaweza kusamehewa, mashine zina mambo yake. Lakini mstari mkubwa kuliko yote niliuona kwa macho yangu, nikauita makapi kwa sababu haukuwa na jina zuri.

Wakashauriana. Nikatazama vidole vyangu. Kisha wakaamua: vilio vibaki, mimi niandike ripoti upya, na barua kwa wanaotusaidia ya kusema ya kwanza ilikosewa, na chini ya barua liwe jina langu, si la komite. Ni haki. Swali la nafasi kwenye seva lilikuwa bado lipo mezani. Nikasema zifutwe Picha za Ziwa. Hakuna aliyeniomba. Zilikuwa nzito kuliko vilio vyote, na nyingi ziwa lenyewe linazirudia kila siku bure. Nilizifuta pale pale, saa nne kamili. Iliniuma, zaidi ya nilivyotarajia.

Maman Georgine hakusema nilikuambia. Ningependa angesema. Alifungua fundo la plastiki, akatoa daftari, akaliweka kati yetu.

"Sasa iyo mashine yako inataka nini?"

"Inataka jina moja kwa kila muntu, Maman. La ndani. Hakuna atakayeliona. Kichwa ubadilishe unavyotaka, hata kila saa, ila lile jina lisiguswe."

Alifikiri. Akanionyesha daftari lake: kila marehemu ana kijiji chake na namba ya mstari alipoandikwa mara ya kwanza, kwa wino wa buluu, mwandiko wa mwalimu. Akasema marehemu akishaandikwa hapo hahami, hata daftari likilowa. Basi tukachukua hiyo. Kijiji na namba ya mstari. Kanuni niliyoitafuta kwenye vitabu vya watu ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, inakuja na kurudi Runingu kila wiki.

"Kumbe minye pia niko naandika balise," akasema, akacheka mpaka akajifuta macho. Nadhani yalikuwa machozi ya kicheko. Sikumchunguza.

Baada ya hapo nilibaki nikiwaunganisha marehemu, mmoja mmoja. Ni kazi ya mikono tu: unachukua mistari saba, unaiweka chini ya jina moja, unaendelea na mwingine. Yeye ananisomea kutoka daftarini, mimi napanga. Mama nilimwacha wa mwisho. Maman Georgine akasema anatoka kutafuta mihogo ya kuchoma. Hapakuwa na haja ya mihogo, lakini nikamwitikia.

Kwenye kila mstari programu inaonyesha miji. Tangazo la kifo: Uvira wengi, Bujumbura, Bukavu, Kigoma wachache, Kolwezi mmoja. Siku ya kwanza ya kilio: Uvira, Bujumbura, Kolwezi mmoja. Siku ya pili, Kolwezi mmoja. Siku ya tatu, siku ya nne, vivyo hivyo. Ilipokuwa mistari saba imetawanyika, mmoja huyo hakuwa kitu. Ni vumbi. Ndani ya Mengineyo kuna vumbi jingi la namna hiyo. Lakini nilipoiweka mistari yote pamoja akawa mtu.

Kwenye mstari wa kilio kinaendelea, zile wiki zote tulipokuwa ndani, Kolwezi ilifungua karibu kila siku. Ukurasa haukuwa na jipya hata moja. Kulikuwa na picha ya mama ameshika jembe, jina la makaburi, na upande aliolazwa, maana Maman Georgine huandika na hilo.

Upande aliolazwa. Alichoniuliza siku ile, nami nikakataa kumwambia.

Alama haisemi ni nani, nimeshaandika hapo juu. Kolwezi ni mji mkubwa. Sina ushahidi. Kwa mara ya kwanza maishani sikuutaka.

Ukabaki mstari wa saba, ule wa jana. Kumbukumbu ya Mama Sifa, mara moja. Nilidhani ni mimi. Nikakumbuka kwamba mashine za ofisi nilishaiambia programu isizihesabu, tangu mwezi wa kwanza wa kazi hii, ili tusijidanganye. Mimi sihesabiwi. Nikasogeza kidole mpaka kwenye mji.

Kolwezi. Jana, wakati nachemsha chai.

Naacha kuandika kidogo.

Nimerudi. Ni saa kumi na moja, mvua imekatika, watoto wa jirani wanaruka madimbwi na mama yao anawatishia fimbo ambayo hana. Ganzi imeisha.

Nilimpigia. Simu iliita mara moja tu, kana kwamba ilikuwa mkononi.

"Yaya," nikasema, "kilio ya mama imeondoka. Siku ya posho, ile Jumamosi, ku Runingu. Tuliondoa."

 Nikasikia redio huko kwake, ikazimwa.

"Nilisha ona," akasema. "Jana niliona kichwa imebadilika."

"Basi ulikuwa unajua."

"Kuona haiko kuambiwa, Faida. Ndevu bado iko. Ilikuwa inangoja weye."

Nikalia. Niliandika juu kwamba sina huzuni wala furaha, nimeiacha sentensi hiyo ibaki kwa sababu ilikuwa kweli saa ile. Nililia kwa sauti mpaka watoto wa jirani wakanyamaza. Nikamwambia mama amelazwa upande wa mlima, si upande wa barabara. Akasema ndiyo, upande wa mlima, kama mtu anayekubaliana na jambo analolijua kwa moyo. Nikamwomba anisamehe. Akasema ngoja kwanza.

Hakukata. Aliiweka simu mahali, juu ya kitu cha bati nadhani, akaita mtoto wake mmoja amletee wembe na kioo. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Nilikaa na simu sikioni, nikamngoja amalize.